Mgongo kwa Mnarani

Mimi Badi nilikuwa na majivuno ya hesabu. Mkono wa bahari ulio kati ya Kilifi na Mnarani niliuvuka kwa mashua yangu ya makasia bila kukosa nilipopakusudia. Unahesabu tarehe ya mwezi, unajua maji yatajaa saa ngapi, basi umeujua mkondo. Maji yakitoka yatakuvuta baharini, kwa hiyo unaielekeza mashua upande wa bara, na mkondo wenyewe unakurudisha unakokwenda. Watu walikuwa wakiniuliza mimi kabla ya kuteremsha vyombo vyao.

Mwaka 1986 Shekha wa Mnarani aliposwa na mtu wa Mombasa. Nilikuwa nimempenda miaka mitatu, na kutuma wazee kwao nimeshindwa, kwa woga tu. Akaniletea maneno kwa Chiku, binti ya shangazi yake.

"Kesho alfajiri atateremka pwani, chini ya magofu," Chiku aliniambia. "Ukifika, atamwambia babake hamtaki huyo mposaji, nawe utume wazee siku iyo hiyo. Jua likitoka hujafika, atakubali. Na feri usipande, ami yake ndiye mkata tikiti."

Nikapiga hesabu. Ilikuwa mwezi pili, siku ya pili tangu mwezi kuandama, maji makubwa. Baada ya sala ya alfajiri yangekuwa yameanza kutoka. Nikaswali, nikasukuma mashua, nikaielekeza upande wa bara kama nijuavyo.

Mvuta makasia hukaa akipa mgongo aendako. Nilikaza macho kwenye mnazi mmoja wa Kilifi, na moyo wangu wote uko nyuma yangu. Kulipopambazuka niliona mnazi ule umekwenda mbali sana kulia kwangu. Nikageuka. Shekha alikuwa amesimama mchangani, peke yake, nami nimeshampita. Maji yalikuwa yangali yanajaa, yananipeleka bara.

Ndipo nilipokumbuka lile wingu. Usiku wa kuandama mwezi lilitanda, mwezi haukuonekana, tukakamilisha siku thelathini kama tulivyoamrishwa. Sisi tukawa mwezi pili, bahari ikawa mwezi tatu, na maji yakachelewa hesabu yangu karibu saa nzima.

Nilivuta hadi viganja vikachubuka. Niliita, hakusikia. Nilipokanyaga nchi kavu nikarudi mbio kando ya maji, na jua lilikuwa limetoka. Pwani hapakuwa na mtu.

Jioni Chiku alinieleza alivyosema Shekha: "Alikuja, nilimwona. Akafika katikati, akanipa mgongo, akashika njia nyingine."

Nilimrudisha Chiku akamweleze habari ya wingu. Shekha akajibu kwamba Badi hakosei maji, na wiki ile ile akaolewa.

Sasa ni mwaka wa tatu. Sitaki arudi, ana watoto wawili na nyumba yake. Nataka ajue tu kwamba asubuhi ile, kila alipoiona mashua ikizidi kumwacha, mimi nilikuwa navuta kumwendea yeye.