Mbao za Wageni

Bi Nusanusa aliinama, akabandika pua kwenye ubao wa juu kabisa wa rundo, akanusa. Mafundi waliokuwa wamekaa juu ya matofali wakachekeana. Jina hilo walimpa wao, na lilimtangulia kila palipokuwa na jengo la serikali linalosubiri paa. Kazi yake ilikuwa ushauri wa mbao: kuangalia kama mti umekauka, kama umekunywa dawa ya mchwa, kama utabeba mabati bila kupinda, kisha kugonga muhuri. Bila muhuri mkandarasi halipwi. Ndiyo maana kila alikofika alipewa kiti, soda na tabasamu. Soda ilikuwa ya moto na tabasamu la baridi.

Leo ilikuwa zamu ya wodi ya wazazi, kwenye zahanati ambako wifi yake, mke wa kaka yake, alikuwa muuguzi.

"Wifi, umekuja kuninusia paa langu?" muuguzi aliita kutoka mlangoni, mikono bado ina povu la sabuni. "Nusa vizuri. Wazazi wangu wanajifungulia chini ya turubai. Mvua ikinyesha, mtoto anaoga kabla hajazaliwa."

"Mdomo wako nao ungeezekwa."

"Uezeke kwanza wodi. Halafu upite shuleni kwa binti yangu. Nao wanangoja paa. Mtoto anasoma juani, anarudi nyumbani amekaangika."

"Shule ni mchana huu huu. Mkandarasi ni mmoja."

"Basi Mungu atusaidie," wifi alisema, akarudi kwa wagonjwa wake.

Bi Nusanusa akaendelea na rundo. Mbao zilikuwa kavu, nzito, zimenyooka, na harufu ya dawa ilikuwa imeingia mpaka ndani. Kipima unyevu hakikulalamika. Zilikuwa nzuri mno, na hapo ndipo alipoanza kushuku, maana mkandarasi yule hakuwahi kununua kitu kizuri katika maisha yake ila viatu.

Alitoa kisu cha mfukoni kuchokoa fundo la ubao mmoja. Kisu chenyewe kilikuwa hakina ncha. Ilivunjikia kwenye jengo la soko, kwenye fundo kama hili, na kununua kingine kulimshinda kwa sababu mwenye nyumba alikuwa amepandisha kodi tena, kwa mdomo tu, kama mtu anayeaga. Akasogeza uso. Ndani ya fundo kulikuwa na kitu kinang'aa. Akaweka kisu chake juu ya ile chembe ya chuma, na vipande viwili vikaingiana kama meno.

Ubao ule aliupitisha sokoni. Aliunusa, akausifu, akaugongea muhuri. Sasa muhuri ulikuwa umesuguliwa kwa msasa, na mahali pake palikuwa peupe kama kovu.

"Mbao hizi zimeshushwa lini?" alimuuliza fundi aliyekuwa karibu.

"Asubuhi."

"Na zinaondoka lini?"

"Ukishaondoka wewe," fundi alijibu, kisha akauma ulimi, amechelewa.

Wenzake wakacheka kwa sauti. Mmoja akaona hakuna tena cha kuficha. "Hizi ni mbao za wageni, dada. Kama vikombe vya kabatini. Mgeni akiondoka vinarudi kabatini, wenyewe tunanywea kopo."

Getini lori lilikuwa linanguruma, halijazimwa. Dereva alikuwa ameinamia usukani kama mtu anayesubiri abiria wake mwenyewe.

Kopo lenyewe lilikuwa nyuma ya choo, limefunikwa turubai. Bi Nusanusa alifunua. Mbao mbichi, zimepakwa rangi ya kijani ili zionekane zimelowekwa dawa. Rangi ikabaki kiganjani. Akachanja kidogo: ndani nyeupe, maji maji, na tayari dumuzi walikuwa wamejitobolea milango. Alifikiria soko, akinamama walioketi na mboga zao chini ya mabati yanayoshikiliwa na takataka kama hii, na muhuri wake ukiwa umetunzwa vizuri kwenye faili. Miaka yote ile alijiona hodari kwa pua yake. Pua gani! Mbwa wa mlinzi angenusa zaidi. Alijidharau mpaka mate yakawa machungu.

Mkandarasi alikuja mbio kwa viatu vyake vizuri, akikwepa matope.

"Mtaalamu, tusifike huko. Kila mtu anafanya hivi. Zinakodishwa tu, kama viti vya harusi. Ukikaa kwenye kiti cha kukodi, harusi si harusi?"

"Anayekodisha ni nani?"

"Hayo waulize wakubwa."

Bi Nusanusa akampigia simu mkubwa wake. Mtaalamu Mkuu alikuwa na ofisi yenye picha za misitu kila ukuta, na humo ndani mbao halisi pekee zilikuwa vijiti vyake vya kuchokolea meno. Meza yake ilikuwa maranda yaliyogandishwa kwa gundi, na juu yake imebandikwa karatasi yenye picha ya mti. Watu walisema alisomea mbao ng'ambo. Labda huko ng'ambo ndiko zilikobaki.

"Mbao ni nzuri au si nzuri?" Mtaalamu Mkuu aliuliza.

"Za rundo ni nzuri, lakini..."

"Basi gonga muhuri uondoke. Shuleni wanazisubiri."

"Wanasubiri nini, bosi?"

"Wanakusubiri wewe. Usinichoshe."

Simu ikakatika. Bi Nusanusa alisimama akiangalia rundo. Kumwandikia nani? Kila barua ya malalamiko ingepita kwenye ile meza ya karatasi. Dirishani wifi yake alikuwa anamshika mkono mwanamke mwenye tumbo kubwa, anamtembeza polepole. Ndipo wazo likamjia, jepesi hata akataka kucheka. Ubao mrefu unakwenda popote. Ukishakatwa kwa kipimo cha paa hili, hauna tena ugeni.

"Muhuri utapata," alimwambia mkandarasi. "Lakini leo nataka kuziona zimekatwa. Zote. Kenchi za paa ziungwe na zipande juu nikiwa hapa."

"Zote? Kanuni inasema ubao mmoja wa mfano!"

"Kanuni inasema mpaka mshauri aridhike. Sijaridhika."

Mkandarasi akalitazama rundo. Mbao hazikuwa zake. Hasara haikuwa yake. Tabasamu, la moto safari hii, likamtambaa usoni.

"Kateni," aliwaambia mafundi.

Misumeno ikaimba. Dereva aliruka kutoka kwenye lori akipiga kelele, akakuta ubao wa kwanza umeshakuwa vipande. Akachomoa simu. Kenchi za kwanza zilipokaa ukutani, simu ya Bi Nusanusa ililia.

"Umekata mbao zangu!" Mtaalamu Mkuu alifoka. "Mbao zangu, wewe mwanamke!"

"Kumbe ni zako, bosi."

Bosi alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa imekuwa ya ofisini. "Kibarua chako kimeota nyasi. Muhuri mpe dereva."

Bi Nusanusa alikata simu. Muhuri aliugonga kwenye kenchi za wodi, moja baada ya nyingine, kwa nguvu, kisha akautia mfukoni. Wifi yake alitoka, akatazama juu, akapiga kigelegele kifupi ili asiwashtue wagonjwa.

"Wifi, leo umenusa kweli!"

"Nimenusa mpaka nimefukuzwa kazi."

Wifi alitaka kucheka, akaona uso wake, akaacha.

Nyuma ya choo mafundi wawili walikuwa wanavuta turubai. Mbao za kijani zilipandishwa kwenye lori, zikiacha rangi kwenye mabega ya wapakizi.

"Zinakwenda wapi hizo?" wifi aliuliza.

"Shuleni," alisema mkandarasi. "Hapa si hazihitajiki tena? Dada amenipunguzia gharama, nashukuru sana."

Bi Nusanusa alisimama mbele ya lori, mkono umeubana muhuri mfukoni. "Hizo hazipandi paa lolote. Muhuri ninao mimi, na sitoi."

Dereva alimtazama kwa huruma, kama mtu mzima anavyomtazama mtoto aliyeficha kijiko. "Kaa nao, dada." Akafungua kidroo cha mbele, akasukuma vitambaa vya grisi, akatoa muhuri mwingine. Ulikuwa mpya kuliko wake. "Wewe tulikuwa tunakupeleka ili watu wakuone."

Lori likamzunguka, likatoka getini likitiririsha maji ya kijani barabarani.

Wifi alikuwa ameshaanza kufungua aproni. "Binti yangu kesho haendi shule," alisema. "Haendi kabisa."

"Na watoto wa wenzio?"

Wifi aliikunja aproni, akaikunjua, akaikunja tena. Juu yao mafundi waliendelea kupigilia misumari kwenye mbao nzuri.