Beberu Kwenye Kiti cha Kulia

Kipanga alijipa jina hilo mwenyewe, na aliyembishia alibishana naye mpaka akachoka. Ujana na ndege ya kivita vikikutana, hakuna kofia inayotosha kichwa. Asubuhi hiyo alikuwa kwenye kibanda cha zamu, buti miguuni, akimfunga drafti Mjomba, kapteni mwenye mvi ambaye marubani wote walimwita hivyo ingawa hakuwa na undugu na yeyote.

"Unacheza kama kuku anayedonoa," Kipanga akamtania.

"Kuku hula akashiba," Mjomba akajibu. "Kipanga ndiye hurudi na kucha tupu."

King'ora kikalia. Kete zikamwagika sakafuni, na muda si muda ndege zao mbili zilikuwa zinapasua mawingu.

Sauti iliyowaongoza kutoka chumba cha rada ilikuwa ya mke wa kaka yake Kipanga. Nyumbani shemeji huyo hakumpa pumzi kwa utani. Hewani alikuwa mkavu kama kuni.

"Ndege moja, ndogo, iko chini. Haijitambulishi, na redio haijibu. Inaelekea kusini, ng'ambo ya mto, kwenye bwawa la umeme."

"Ikivuka mto?" Kipanga akauliza.

"Ikivuka mto, kamanda yuko hapa nyuma yangu, atatoa amri. Usimfikishe huko, Kipanga."

Amri gani, hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Kazi yao iligawanywa siku zote hivyo: mmoja huenda ubavuni mwa mgeni kumpa ishara, mwingine hukaa nyuma, silaha tayari. Nyuma alikaa Mjomba.

Kipanga akashuka kwa kishindo. Akaona kitu cheupe mfano wa punje ya mchele, kikawa kindege chenye pangaboi moja puani, kisha hakipo.

"Umempita," shemeji akasema.

Akazunguka, akarudi, akapita chini yake kama mshale.

"Umempita tena."

"Huyu anaruka au amepaki?"

"Wewe ndiye unayekimbia."

Mjomba akaingilia, taratibu: "Shusha magurudumu, kijana. Yatakukokota, upunguze mwendo."

Aibu gani hiyo! Ndege ya kivita kuning'iniza miguu kama kuku anayevuka dimbwi! Lakini mbele mto ulishaanza kumeremeta. Kipanga akameza majivuno yake, machungu kama shubiri, akashusha magurudumu. Ndege ikatetemeka, ikainua pua, ikawa inakaa hewani kwa kubembelezwa. Sasa alikuwa sambamba na mgeni, upande wa kushoto kama sheria inavyotaka, maana huko ndiko rubani anakokaa. Akatikisa mabawa: nifuate.

Akatikisa tena. Kindege kikaendelea na safari yake kama mtu aendaye sokoni.

Kipanga akakodoa macho. Dirisha lote la yule rubani lilikuwa limefunikwa kwa gazeti.

"Shemeji, amebandika gazeti!"

"Hewani hakuna shemeji." Kisha, "Gazeti?"

"La kuzuia jua. Linampiga kushoto. Hanioni! Naomba nihamie kulia."

Sauti nzito ikasikika nyuma ya shemeji, ya kamanda. "Mwambie sheria ni kushoto. Hakuna muda wa kuhamahama, mto ule pale."

"Mzee, kwa heshima zote," Kipanga akafoka, "aliyeandika sheria hakuwahi kubandikiwa gazeti! Nipe nafasi moja. Nikishindwa, nije mwenyewe nikukabidhi bawa langu la kifuani, beji ya urubani."



"Kamanda, nafasi bado ipo," shemeji akasema. "Ndogo, lakini ipo."

"Haya. Ahamie."

"Pita juu yake, Kipanga. Polepole. Mjomba, subiri amri."

"Nasubiri," Mjomba akasema, kwa sauti ambayo Kipanga hakuwahi kuisikia kwenye drafti.

Akapita juu, akajiweka ubavuni upande wa kulia. Na pale, kwenye kiti cha abiria, mkanda umelegea kifuani, alikaa beberu. Pembe mbili, ndevu za hakimu. Beberu akamtazama Kipanga. Kipanga akamtazama beberu. Akatikisa mabawa kwa nguvu zake zote.

Beberu akaruka, akagonga kichwa darini, akapiga mateke. Rubani akageuka kumkemea, na nyuma ya zile pembe akaona ndege ya kivita. Mdomo ukaachama.

"Ameniona!"

Kindege kikatikisa mabawa, kikatikisa tena, kikatetema kama mwenye homa. Kisha kikageuka. Mto ukabaki uking'aa bure.

Uwanjani aliteremka daktari wa mifugo, mzee mfupi, jasho likimtiririka, beberu kamkumbatia.

"Amenitafunia waya zote chini ya dashibodi, huyu mshenzi! Redio ikafa, kila kitu kikafa. Nilikuwa napigana naye njia nzima. Nikitikiswa, nadhani ni upepo." Akaushika mkono wa Kipanga kwa mikono yote miwili. "Asante kwa kunisindikiza, mwanangu. Lakini yule mwenzako wa nyuma, mbona hakuja mbele hata mara moja? Alikuwa anafanya nini kule?"

Kipanga akauachia mkono wa mzee. Akageuka. Mjomba alikuwa bado ndani ya ndege yake, kofia magotini, macho mbele, hajateremka.

"Alikuwa anakulinda, mzee," akasema, kisha akaenda kumshikia Mjomba ngazi.