Nimekutuma Nini?

Shangazi Mwanakombo alifika Mtoni asubuhi ya Jumamosi akiwa na begi tupu, na hakuficha kazi ya begi hilo. Alilitandaza juu ya mkeka, akatangaza kwamba Nusaiba akishindwa tena kutumwa, alasiri wataondoka wote kwenda Kibiti, mtoto akakae na watu wanaojua kumnyoosha.

"Kaka ameshakubali," alisema. "Mtoto wa kike, ukimtuma harudi! Siku ukiumwa, wifi, nani atakuletea maji?"

Najma, mama yake Nusaiba, aliendelea kupepeta mchele. Ni kweli Nusaiba alikuwa harudi. Lakini kliniki walikuwa wamemweleza sababu: binti yake hakuwa mtukutu wala mkaidi, ila alikuwa na tatizo la umakini. Kichwa chake kilishika agizo moja; la pili likiingia, lilisukuma la kwanza nje. Ndipo Najma alipoandikishwa kwenye mafunzo ya wazazi. Darasani alielewa yote: kusogea karibu, kumtazama mtoto machoni, kupunguza maneno, kusifia papo hapo, kupuuza vituko vidogo. Akifika nyumbani, wali ukianza kuungua na kichanga kikilia, yote yaliyeyuka, akabaki na kufoka tu.

Juzi alikuwa amemfuata mwezeshaji wao, Demetria, machozi yakimlengalenga. "Sista, mie nadhani tatizo hili nimempa mie. Mnayotufundisha yananitoka hata barabara sijavuka."

Demetria alimtazama, kisha akacheka kwa haya. "Basi kosa ni letu, mama Nusaiba. Tunawakataza kuwatuma watoto mambo matatu kwa mpigo, halafu sie tunawatuma nyie kumi! Mengine yaache kwanza. Shika hili moja: kabla hajaondoka, akwambie umemtuma nini."

"Nusaiba!" Shangazi aliita sasa.

Mtoto alikuja mbio kutoka uani, ushungi umemwangukia mabegani. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nenda kwa mama Faraji ukaazime mbuzi ya nazi, mwambie nimefika, tutaonana alasiri, ukirudi pitia dukani kwa Kamugisha uchukue chumvi, na ole wako usimame kwenye ngoma!"

Nusaiba alikuwa ameshafika mlangoni. Mtaa wa pili kulikuwa na harusi, na singeli ilirindima hadi mabati yakatetemeka. Najma alihisi ukelele ukimpanda kooni: *Umesikia, we mtoto?* Alitafuta mafunzo yote kichwani, akalikuta lile moja tu. Akainuka, akapiga magoti mbele ya binti yake.

"Mbuzi ya nazi tu, mwanangu. Nimekutuma nini?"

Macho ya Nusaiba yalikuwa kwenye muziki. Yakarudi taratibu. "Mbuzi ya nazi."

"Kwa nani?"

"Mama Faraji."

"Haya, nenda."

Shangazi akasonya. "Na chumvi? Huko sasa ni kudekeza. Sie tulitumwa maneno mpaka yanamwagika, na tulirudi nayo yote."

"Chumvi ataifuata akirudi, wifi."

Walingoja. Wimbo mmoja ukaisha, ukaanza mwingine. Najma aliosha mchele ambao alikwisha kuuosha. Shangazi akafungua zipu ya begi, akatazama kamba ya nguo ambako gauni la shule la Nusaiba lilikuwa linakauka.

Kisha mlango ukasukumwa. Nusaiba aliingia na mbuzi kichwani, ameishika kwa mikono miwili, mabega yakicheza singeli peke yake.

"Mashaallah!" Najma aliharakisha kusema. "Nimekutuma mbuzi, umeleta mbuzi." Mtoto akatabasamu kama aliyesikia habari mpya kabisa. Ndipo alipotumwa chumvi, akaisema, akaileta.

Shangazi akaikalia ile mbuzi, akakuna nazi. Alasiri alipojifunga mtandio, begi lilikuwa bado limetandazwa mkekani. Najma hakuliondolea macho.

"Nusaiba," Shangazi alisema, "kaniletee viatu vyangu uani, halafu—"

Akasita. Akayameza yaliyobaki, kwa shida, kama mtu anayemeza kidonge bila maji. Kisha akainama, mkono kiunoni, hadi macho yake yakakutana na ya mtoto.

"Nimekutuma nini?"

"Viatu vya shangazi!"

"Haya."

Nusaiba akatoka mbio. Shangazi akalikunja begi lile tupu, akalitia kwapani, akasimama kungoja viatu vyake.