Vidole vya Aubin

Vumbi la Goma ni jeusi, na halina adabu. Linaingia chunguni, linaingia masikioni, linaingia ndani ya kitabu cha sala na kukaa kati ya kurasa bila kumuomba mtu ruhusa. Mlima wa volkano ulilitema likiwa moto, mvua ikalipoza, magurudumu ya chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, yakalisaga, na sasa upepo wa kiangazi unalitembeza mtaa mzima wa Majengo, mlango kwa mlango, bila kupiga hodi.

Katikati ya vumbi hilo alikuja Kahindo, kitambaa kimoja kichwani na kingine puani, akitafuta gitaa.

Msimwone anatembea polepole mkadhani ni mvivu. Kibumba, kijiji alikoolewa, watu waliujua mkono wake kabla ya kulijua jina lake. Akipigia korali gitaa lake, hata wazee waliokuja kanisani kusinzia walikuwa wanaamka. Kisha asubuhi moja mabomu yakaanza kuanguka kwenye mashamba ya viazi, watu wakashika barabara ya Goma na magodoro vichwani, naye akabeba watoto, akabeba sufuria, na gitaa likabaki limeegemea ukuta. Alilikumbuka walipokuwa wamefika mbali. Aligeuka, akaona moshi, akaendelea kutembea.

Tangu siku hiyo vidole vyake vilinyamaza.

Korali ilikusanyana tena hapa mjini, watu wakachanga kidogo walichonacho, wakamkabidhi, wakamwambia, mama, tutafutie gitaa. Alikubali kwa mdomo. Moyoni aliogopa sana, kwa sababu alikuwa ameshajaribu gitaa la jirani, na mkono ulilala tu juu ya nyuzi mithili ya mkono wa mtu mwingine. Alilirudisha kwa aibu, akasema linahitaji kukazwa. Uongo mtupu. Aliyehitaji kukazwa ni yeye.

Ewe Goma, mji wa watu waliofika bila vitu vyao! Ukimuuliza mtu wako ameacha nini, anataja ng'ombe, anataja nyumba, anataja shamba. Nani atakuambia ameacha mkono?

Karakana ya Papa Kataliko ni chumba kimoja cha mbao kilichosimama juu ya mawe ya mlima. Yeye ni mzee wa Butembo, mwembamba, ana unga wa mbao kwenye nyusi. Alimsalimu Kahindo kwa Kinande, lugha ya kwao wote wawili, na kwa dakika chache dunia ikawa nyepesi. Ukutani yalining'inia magitaa ya mbao ya mti wa libuyu, mapya, yakiangalia watu. Moja tu lilikuwa limegeuzwa, limeupa ukuta uso, kama mtoto aliyeadhibiwa shuleni.

"Ile ya pale, Papa?"

"Ile ni ya zamani. Niliitengeneza mimi mwenyewe, na imerudi."

"Sasa kwa nini inaangalia ukuta?"

Mzee alijikuna kidevu. "Inapenda vile," akasema.

Kisha akamweleza kazi yake ilivyo, kwa sababu ni mtu asiyeficha chombo chake. Gitaa lililopigwa miaka mingi huwa na vidole. Nyuzi zinakula mbao, na vidole vinachimba kidogo kidogo, mpaka shingo inakuwa na vishimo ambavyo jicho halivioni vizuri lakini ngozi inavijua. Kila gitaa linaporudi kwake, kabla hajamuuzia mtu mwingine, anachukua msasa na kusugua shingo yote mpaka iwe laini kama siku ya kwanza. Kazi hiyo anaiita kumtoa mtu.

"Nguo ya zamani banafua mbele ya kuuza," alisema. "Mimi ninasugua. Siuzishe gitare na mutu ndani."

Kahindo alicheka. Lilikuwa neno la kuchekesha, mchana ule, jua likiwa linachoma bati. Akaomba alijaribu lile lililogeuzwa. Mzee alisitasita, akalishusha, akampa bila kumtazama.

Lilikuwa baridi. Bati lilikuwa linalia kwa joto, jasho linamtiririka mgongoni, na mbao ile ilikuwa baridi. Alilipakata. Akaizungushia mkono shingo yake, na vidole vyake vikatumbukia kwenye vishimo, kimoja kimoja, kila kidole mahali pake. Vilikuwa vishimo vya mwanaume, vipana kuliko vidole vyake.

Mkono ukajiendea.

Hakuutuma. Ulitoka wenyewe na wimbo asioujua, wimbo wa polepole, unaoteremka na kusimama, unaoteremka na kusimama, namna ng'ombe wanavyoshuka kilima kwenda majini. Kidole gumba kikashika nyuzi nene, cha shahada kikajibu juu yake. Machozi yalimtoka, na hayakuwa ya woga bado, yalikuwa ya furaha. Mkono wake ulikuwa hai! Kisha katikati ya mstari wimbo ukakatika, na vidole vikainuka vyote pamoja.

"Papa," alisema akifuta uso, "hii haujaisugua. Vidole iko bado."

Papa Kataliko aliangusha randa. Aliinama kuiokota, akachelewa sana kuinuka. "Kuya kesho, mama," akasema. "Enda fikiri kwanza." Muuzaji anamfukuza mnunuzi! Kahindo aliondoka akishangaa.

Alifikiri, kweli. Alifikiri akichambua maharagwe, alifikiri akipepea makaa, na vidole vilicheza juu ya mfuniko wa sufuria mpaka watoto wakamkodolea macho. Alilitamani gitaa lile kama mtu mwenye njaa anavyotamani chakula cha mwenzake, na alijionea haya.

Kesho yake, mlangoni pa karakana, alikuta mwanamke mzee amekaa juu ya jiwe, mrefu hata akiwa amekaa, fimbo ya wachungaji mapajani. Alikuwa Mama Nyiransengimana, mtu wa milima ya Masisi. Walisalimiana kwa heshima, Kahindo akaingia, akalipakata gitaa, akafumba macho.

Mkono ukajiendea.

Nyuma yake alisikia fimbo ikianguka. Mama mzee alikuwa amesimama mlangoni, kiganja kimebana mdomo.

"Huyo ni Aubin," alisema. "Huyo ni mutoto yangu."

Akaeleza, na gitaa likiendelea chini ya sauti yake, kwa sababu Kahindo hakuweza kulinyamazisha. Aubin alikuwa mwanawe wa pekee. Alikwenda Kalengera kununua maharagwe ya kuuza, vita vikakata barabara nyuma yake. Hakuna aliyeona maiti. Hakuna aliyeleta habari. Hawezi kulia msiba, hawezi kucheka, amekaa katikati tu. Njaa ilipombana alileta gitaa la mwanawe hapa kwa aliyelitengeneza, akamuomba jambo moja: asifute vidole. Na kila siku anakuja, mzee anamshushia, anapitisha kidole gumba juu ya shingo ile, shimo kwa shimo, kisha anarudi kwake.

"Wimbo hii alikuwa anaitunga," alisema. "Kabla aende safari. Alifika hapa, ona, hapa... na akaishia hapa."

Ndipo palepale jana ulipokatika. Lakini leo mkono haukusimama. Ulipita. Uliteremka tena, ukasimama, ukateremka.

Mama Nyiransengimana alisogea, akainamisha sikio karibu na nyuzi.

"Hapo hakufika," akasema hatimaye. "Mwana wanjye, mwanangu, hapo hakufika. Hapo ni pa leo." Na akacheka, mashavu yamelowa, cheko la mtu aliyesahau namna ya kucheka. "Iko anaendelea! Aubin iko anaendelea!"

Wimbo ulipotulia, Papa Kataliko alimvuta Kahindo nyuma ya rundo la mbao.

"Mama, sitaki nikudanganye. Ile gitare niliisugua. Siku ile ile aliileta. Yeye aliniomba, mimi nikamwambia ndiyo, kiisha akaenda, nikasugua. Ni kazi yangu. Na yeye kila siku anakuya kugusa mbao tupu, na anaona vidole. Nilifikiri ni huzuni inamufanya vile. Sasa na wewe pia."

Walilipeleka gitaa kwenye mwanga wa dirisha. Kahindo alitazama. Shingo ilikuwa laini, inang'aa, haina alama. Alipitisha ukucha kutoka juu mpaka chini, ukucha haukukwama popote. Akafumba macho akagusa: vishimo vilikuwepo. Akafumbua: laini. Akafumba tena, akauondoa mkono haraka, kwa sababu vishimo vilikuwa vimeongezeka kina tangu jana.

"Iache," mzee alimsihi. "Nitakutengenezea ingine, mupya, ya kwako mwenyewe."

Akampa moja jipya alijaribu. Zuri, lenye harufu ya mbao na gundi. Mkono ulilala juu yake.

Basi hayo ndiyo yaliyokuwa mbele yake, na aliyajua yote: ama gitaa hili na mtu wake ndani, ama ukimya mpaka kufa. Alirudi nyumbani akisema hapana. Mji huu una wafu wa kutosha, alijiambia, na mimi nina watoto, siwezi kumwalika mwingine alale nao chumba kimoja. Alisema hapana barabarani, akasema hapana kisimani, akasema hapana akiwafunika watoto. Asubuhi akavaa kitenge akaenda.

Mama mzee alikuwa anamngoja. Alimwangalia tu, na Kahindo akakaa chini na kupiga.

Mkono ukajiendea, na wimbo ukaenda mbali kuliko siku zote. Ukapunguza mwendo. Ukaanza kujikusanya. Kahindo amepigia korali maisha yake yote, anajua wimbo unavyojiandaa kuisha, na huu ulikuwa unaelekea nyumbani. Ilibaki sauti moja. Kidole chake cha pete kilikuwa kimeshainuka, kinatafuta pa kutua.

Kiganja cha moto kikalala juu ya nyuzi.

"Acha," alisema Mama Nyiransengimana. "Acha hapo. Usiimalize."

Walitazamana, wanawake wawili waliokimbia kutoka milima tofauti.

"Kama wimbo iko bado, na yeye iko bado, mahali fulani," mama mzee alisema. "Ikiisha... Mwanangu, inunue. Nakuomba. Piga unavyotaka. Lakini mwisho, usifike."

Kahindo aliapa. Papa Kataliko alipokea mchango wa korali ameinamisha kichwa, akalifunga gitaa kwa kitenge cha zamani, na walipotoka akafagia mahali lilipokuwa, akafagia tena.

Na lilikuwa gitaa jema, ukweli usemwe. Kanisani lilimtii, zaburi kwa zaburi, na korali ya Kibumba ikasikika tena kama korali ya watu wenye kwao. Ila alijifunza kuwa macho. Kila wimbo ulipokwisha, kidole cha pete kilibaki hewani kikitafuta kitu, naye alikikunja haraka kabla hakijapata.

Mama Nyiransengimana alikuja kila Jumapili, ingawa si kanisa lake. Alikaa nyuma kabisa. Misa ikiisha alimngoja Kahindo mlangoni, na wala hakumuuliza habari za watoto, wala za afya. Aliuliza neno moja tu.

"Bado?"

"Bado, mama."

Hapo mgongo wake ulinyooka, akashukuru Mungu kwa Kinyarwanda, akarudi kuuza mafungu yake ya makaa. Neno lile lilimtosha wiki nzima. Kahindo alimpenda kwa hilo, na alimwonea huruma.

Kisha ikaja siku moja, mchana mweupe, watoto wamekwenda kuteka maji, maharagwe yako jikoni. Alikuwa anakaza uzi uliolegea, basi, hakuwa na nia nyingine. Akili yake ilikuwa kwenye chumvi.

Mkono ukajiendea.

Ulianza mwanzo kabisa, ukateremka, ukasimama, ukateremka, ukapita mahali Aubin alipoishia, ukapita mahali pa kiganja, na alipogundua, akapiga kelele, akajaribu kukunja kidole, kidole kikatua. Sauti ya mwisho ikatoka. Ilikuwa nzuri kupita zote, imetulia, sauti ya mtu anayetua mzigo mlangoni kwake. Ilikaa chumbani muda mrefu, halafu ikaisha.

Alifumba macho akagusa shingo ya gitaa. Laini. Akagusa juu, akagusa chini. Laini kote, na mbao ilikuwa na joto kama kitu chochote kingine ndani ya nyumba ile.

Alimlilia kijana ambaye hakuwahi kumwona, akamlilia kwa sauti, anavyoliliwa ndugu, mpaka majirani wakaja kuuliza nani amekufa. Walipoondoka alijaribu, kwa woga, wimbo wa zamani wa Kibumba, ule wa mavuno. Mkono uliupiga wote, na ulikuwa mkono wake mwenyewe, na makosa yake ya zamani yaleyale.

Jumapili ilifika. Alipiga misa nzima bila kuinua macho. Alipotoka, Mama Nyiransengimana alikuwa mlangoni, ameegemea fimbo, kitenge chake kimefuliwa na kupigwa pasi, uso umeinuliwa.

"Bado?"

Kahindo alimshika mikono yote miwili.

"Bado, mama," akasema. "Bado."