Soksi ya Profesa Iligoma Kisiginoni

Shangazi alikuwa amelala chali kitandani, mguu mmoja juu, na mumewe, fundi saa mstaafu, ameing'ang'ania soksi kwa mikono miwili.

"Vuta!"

"Si navuta!"

"Unavuta nini, bwana wee? Mbona ninayekuja ni mimi?"

Kweli, soksi haikusogea. Aliyesogea ni shangazi, pamoja na shuka lake, mpaka ukingoni. Kabla sijawafikia, wote wawili walikuwa sakafuni wanacheka mpaka machozi, na soksi bado imekwama kwenye vidole. Na huo ulikuwa mguu mzima! Ule wenye kidonda tulikuwa hatujaugusa.

Nilicheka nao hadi mbavu zikaniuma. Halafu kicheko kikanikauka, kwa sababu soksi ile niliileta mimi.

Ni soksi ya kubana, ya kutibu kidonda ndugu cha mguu. Mimi ni daktari wa utafiti, na nilikuwepo tulipoijaribu mara ya kwanza. Wagonjwa tuliwachambua kama mchele: asiwe na kisukari, asiwe na presha, asiwe mzee sana, na akae karibu ili muuguzi aliyefunzwa amvalishe kila asubuhi. Vidonda vilifunga upesi kuliko vile vya bendeji, tukashangilia. Sikuona ubaya wa kuchagua hivyo, na mpaka leo siuoni. Ukitaka kujua kama kitu kinaweza kuponya, kipe kila nafasi ya kuponya. Lakini sasa tulikuwa tunaandaa utafiti wa pili, wa kuamua kama zahanati zote ziache bendeji ziwape watu soksi. Na mkuu wetu, Profesa, alikuwa ameleta mpango uleule wa kwanza, tofauti yake ni wagonjwa kuongezwa tu.

"Haya, mwanangu," shangazi aliniuliza hukohuko sakafuni, "mimi naanza lini?"

"Huanzi, shangazi. Una kisukari. Una presha. Na vidole vyako vimepinda."

"Kumbe! Na kidonda je, sina?"

Mwanamke huyu ndiye aliyenilea, akikanyaga cherehani kwa mguu huohuo wenye kidonda. Nilitaka watu kama yeye waingie katika utafiti ule, nilitaka mpaka kichwa kikawa kinanizunguka. Na kikao cha kupitisha mpango kilikuwa kesho yake.

Kesho yake tulikaa wanne mezani, chini ya feni inayolia. Kulikuwa na Profesa, mtu mwema mwenye suruali iliyonyooshwa kwa pasi hadi mstari unaweza kukukata. Kulikuwa na Matroni, mkuu wa wauguzi. Na kulikuwa na mtakwimu wetu, tunayemwita Desimali kwa sababu hata ukimuuliza kama ameshiba anatafuta nukta.

"Tukimchukua kila anayepita mlangoni," Profesa alisema, "matokeo yatakuwa uji. Mimi nataka matokeo safi."

Nilikuwa nimeandaa hotuba nzuri sana. Yote ilipotea. Badala yake nilifungua mkoba na kumwaga soksi mezani.

"Vaeni," nikasema.

"Tuvae?"

"Ndiyo, wakubwa zangu. Kila mtu na saizi yake."

Mdomo huponza kichwa, najua. Lakini Desimali alikwisha vua kiatu, na dole gumba lake lilikuwa linatuchungulia kupitia tundu la soksi yake ya kawaida. Matroni akaangua kicheko. Akavua, akageuza soksi ndani nje, akaipitisha, chap! Imekaa.

"Mimi nimefunzwa," akasema, akitupungia mguu.

Profesa hakutaka kushindwa. Alivua kiatu kwa heshima zote. Soksi ilipita vidole, ikafika kisiginoni, ikagoma. Akasimama. Akaanza kuruka kwa mguu mmoja.

"Msinisaidie!"

Alizunguka meza akirukaruka, akajishika kwenye pazia, na pazia lote likamshukia kichwani. Desimali alilalia meza, hoi kwa kicheko.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," Matroni alisema, akimfunua.

"Matroni," nikamwuliza, "utaweza kuwatuma wauguzi wako wakavalishe watu kila asubuhi, zahanati zote?"

"Wauguzi gani hao? Nilio nao hata chai hawanywi."

Profesa aliketi. Mstari wa suruali ulikuwa umekwisha. Nilitegemea hasira, lakini alinitazama kwa makini.

"Daktari, swali lako ni lipi hasa?"

"La kwanza tulishalijibu, Profesa. Soksi inaweza kuponya. La sasa ni hili: mtu akipewa soksi aende nayo kwake, na kisukari chake, na mume wake wa kumvutia hiyo soksi, atapona kuliko akifungwa bendeji?"

"Na asipoivaa?"

"Tunamhesabu hivyohivyo kwenye kundi la soksi. Kutovaa nako ni jibu."

"Na yule ambaye damu haimfiki mguuni?"

"Huyo haingii. Soksi itamdhuru."

"Tutahitaji watu wengi zaidi," Desimali alidakia, akijifuta machozi. "Nyumba hazifanani."

Profesa alinyoosha kidole. "Sawa. Lakini picha za vidonda zitasomwa na mtu asiyejua nani kavaa nini. Hapo silegezi! Sote tunakupenda, na sote tunajua shangazi yako ana kidonda."

Alikuwa na haki, tena haki tupu. Mimi mwenyewe ningeviona vidonda vya soksi vimepona hata kama bado vinatoa usaha. Nilitamani kumkumbatia.

"Hapo usilegeze, Profesa."

"Basi imepita," akasema. "Sasa nani ataniondolea kitu hiki?"

Sikutembea kurudi ofisini, nilipaa.

Utafiti ulipoanza, nilikaa mbali kabisa na zahanati ya mtaa wa shangazi. Daktari mwingine ndiye aliyempima mapigo ya damu mguuni, akamweleza yote, akamwandikisha. Kompyuta ikapiga kura nani apate soksi na nani bendeji. Shangazi akanipigia simu nikiwa kwenye ngazi za hospitali.

"Mwanangu! Nimepata bendeji!"

Vurugu yote ile, pazia na kila kitu!

"Pole, shangazi. Nilitaka upate soksi."

"Pole ya nini? Kwani unajua tayari kwamba soksi ndiyo bora, kwa watu tunaojivalisha wenyewe?"

"Sijui."

"Daktari wa huku naye kasema hajui. Kasema bila sisi wa bendeji, wale wa soksi watalinganishwa na nani?" Nikamsikia akimwita mumewe aje anisalimie, halafu akarudi na sauti imepanda. "Kidonda hiki nimekaa nacho siku zote hizi, kila mtu ananiambia nikifunike. Leo kimepigwa picha, mwanangu! Wamesema wanakihitaji!"

Niliketi palepale kwenye ngazi, nacheka na kulia kwa pamoja, na wagonjwa wakawa wananipita pembeni.