Neno la Kisimani

Tangu operesheni ya serikali ya vijiji iwahamishie kijiji kipya karibu na Samuye, wanawake walipishana kama wageni, mpaka mpira wa pete ulipowakutanisha jioni. Hata Mwahija, aliyefiwa na mwanawe, alianza kucheka tena pale uwanjani.

Siku moja kisimani, Philomena, mama yake Valerian, akaropoka: "Kaburi la mtoto halijakauka, mama mtu anarukaruka."

Neno likamfikia Mwahija. Akajifungia ndani.

Chakula kikamkataa Philomena. Mwishowe akachukua mpira, akaenda kumbishia hodi. Mwahija alitoka amekonda.

"Twende uwanjani, mwenzangu. Nafasi yako ipo."

Mwahija akamshika mkono. "Aliyenisema hajaja hata kunijulia hali, Mama Valerian. Umekuja wewe."

Philomena akaubana mpira kifuani. Ulimi uliokuwa mwepesi kisimani ukamwia mzito.