Nyumba ya Kilrane, Kilomita Kumi na Saba

Sikutia sahihi. Nalisema hili mapema ili mtu asinisikilize kwa huruma. Walikuja na karatasi yao mpaka hapa kwangu, kilomita kumi na saba, barabara ya Yanonge, na walirudi nayo haina hata nukta.

Aliyewaleta ni mdogo wangu mwenyewe, Édouard, anayeuza vipuri vya pikipiki kule Mangobo na kujiona mjanja kuliko mama aliyemzaa. Alivuka mto asubuhi, akatangulia na pikipiki, nyuma yake gari la jeep. Wakashuka watu wawili: bwana mmoja wa Kinshasa anayeitwa Hubert, viatu vinang'aa kama sufuria mpya, na mwanamke wa kizungu wa miaka hamsini hivi, Mademoiselle Kilrane.

Kilrane ni jina la wenye nyumba hii ninayokaa. Tuseme vizuri: ni jina la mtu aliyesimama kivulini akinyoosha kidole wakati babu zetu wanaijenga. Ina vyumba kumi na kimoja, ngazi ya mawe, na katika kila chumba kikubwa kuna pahali pa kuotea moto, na bomba la kutolea moshi juu ya paa. Moto wa kuota! Hapa kwetu, ambapo jasho linakutoka umekaa tu. Sisi tunakaushia samaki humo, na samaki wangu wanatafutwa mpaka soko la Lubunga.

Mademoiselle aliwaona wale samaki, akacheka, kisha akafuta macho. Alisema Kifaransa cha polepole. Nilifundisha shule ya msingi miaka thelathini, kwa hiyo hakuhitaji mtu wa kututafsiria. Alinieleza kwamba kwao Irlandi, kule Ulaya, jamaa zake walikuwa na nyumba kama hii katikati ya mashamba, miaka mia mbili. Wengine walilima, wao walipokea. Mwaka 1921 wale waliolima wakaja usiku wakaichoma. Babu yake alikuwa kijana. Akakimbilia Kongo, akapanda kahawa, akajenga nyumba ileile kwa kumbukumbu, dirisha kwa dirisha.

"Waliichoma kabisa?" nikauliza.

"Kuta tu ndizo zilizobaki."

"Na mashamba?"

"Waligawana waliokuwa wakiyalima. Mpaka leo ni yao."

"Sisi hatukuchoma, Mademoiselle. Sisi tulifagia."

Nilisema kwa hasira na sikujificha. Mwaka 1964, vita vilipokaribia, mzee Kilrane alimwita Papa, baba yangu Jean-Paul, akamkabidhi funguo zote. "Linda mpaka nirudi." Akapanda boti, hakurudi. Na Papa akalinda. Kila Jumamosi alifungua, akapangusa viti, akafunga. Sisi watu tisa tulilala katika boyerie, kile kijumba cha nyuma wanachojengewa watumishi, vyumba viwili na bati lililotoboka. Kutoka mlango wetu mpaka mlango wa nyumba kubwa ni hatua arobaini. Nilizihesabu mara nyingi.

Katika mvua za mwaka 1968 mdogo wangu Sadrack alishikwa na kifua. Alikuwa na miaka minne. Maji yalidondoka juu ya godoro lake, Mama akawa analisogeza huku na huku mpaka pakavu pakaisha. Hatua arobaini kutoka pale palikuwa na vitanda sita vikavu, vimefunikwa shuka, vinamngoja mtu asiyerudi. Sadrack alikufa siku ya Alhamisi. Jumamosi Papa alikwenda kupangusa viti.

Sikumsamehe. Nilimpikia, nilimwuguza, nilimzika mwaka 1987, lakini kumsamehe, aka! Arobaini yake ilipokwisha nilichukua nyundo nikavunja kufuli, maana sikutaka hata kuzigusa funguo zake. Mama alifika mlangoni akavua viatu. Nikamwambia: "Vaa viatu vyako, Mama, unaingia nyumbani." Tangu siku ile tuko ndani. Bati nimebadilisha mimi, mbao za sakafu mimi, milango mimi.

Hayo yote Hubert aliyasikiliza akitazama saa yake. Kisha akatandaza karatasi juu ya meza.

"Bon, Mama Orpha, kitu iko simple. Unakubali tu kwamba unakaa hapa kama sentinelle, mulinzi, wa famille Kilrane. Basi. Sisi tunafungua hoteli, watalii wanakuja, na wewe unabaki, unapata mushahara."

"Nabaki wapi?"

"Nyuma kule iko kanyumba. Tutakarekebisha."

Nilimtazama Édouard. Alikuwa anatazama dari. "Yaya, dada yangu, tia sahihi," akasema. "Mushahara kila mwezi! Hii nyumba itakuangukia siku moja."

"Édouard, wewe ulizaliwa Sadrack amekwisha zikwa. Nyamaza."

Akavua kofia.

"Na nisipotia?" nikamwuliza Hubert.

"Alors, tribunali, mbele ya jaji. Bila sahihi yako mutasema mumekaa miaka karibu makumi ine kama wenye nyumba, na jaji anaweza kuwapa. Lakini tuko na preuve, ushahidi." Akafungua mkoba, akatoa karatasi ya manjano ndani ya plastiki. "Papa yako mwenyewe aliandika. Mademoiselle aliikuta katika vitu vya babu yake. Angalia chini: 'sentinelle wenu.' Soma, madame, soma kwa sauti!"

Hubert ni mtu wa Kilingala, Kiswahili anakiokota njiani. Alikuwa ameona lile neno moja, likamtosha. Mimi niliujua mwandiko kabla sijalijua neno. Nikasoma kwa sauti, kama alivyotaka.

"Bwana Kilrane, jambo. Nyumba iko muzuri, viti niko nafuta kila Jumamosi, siku ya posho. Mvua iko mingi sana. Mutoto wangu Sadrack iko mugonjwa ya kifua na boyerie inavuja. Naomba ruhusa mutoto alale mu chumba kidogo ya nyuma mpaka mvua ikwishe. Hatagusa kitu. Nangojea jibu yenu. Ni mimi sentinelle wenu, Jean-Paul."

Yesu wangu! Miaka hamsini na saba nimemchukia baba yangu kwa kutokuomba, kumbe aliomba. Aliomba, akangoja, mtoto akamfia mikononi, na hakutuambia hata neno. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kisha hasira ikaja ikaifukuza aibu.

Mademoiselle aliuliza barua inasema nini. Nikamtafsiria yote. Akawa mweupe kuliko alivyokuwa.

"Babu yako alijua Kiswahili?" nikamwuliza.

"Aliota kwa Kiswahili mpaka alipokufa."

"Na hii ya pembeni, ya kalamu ya risasi, imeandikwa nini?"

Ilikuwa lugha yao. Alichukua muda mrefu kuyasoma maneno matatu. "Imepokelewa," akasema. "Haihitaji jibu."

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, najua, nimewafundisha watoto methali hiyo ubaoni. Lakini mzee huyu alijua. Aliandikiwa, akaelewa, akaweka kwenye faili.

Nikaisukuma karatasi ya Hubert mpaka ikaanguka sakafuni. "Nendeni tribunali," nikasema. "Leo hii, mimi nalipa pikipiki. Lakini barua hii mtaisoma mbele ya jaji na mbele ya Yanonge nzima, na mimi nitasimama pale pale mpaka mstari wa mwisho. Na wewe, Mademoiselle, barua ilikuja kwenu. Ijibuni."

"Madame, mimi sikuwa hata..."

"Hata mimi sikuwa mkubwa. Ijibu."

Akanyoosha mkono kwa Hubert, akachukua kalamu yake. Hubert akaruka. "Mademoiselle, ukiandika hapo, dossier imekwisha, kesi tumepoteza!" Hakumjali. Aliitoa barua kwenye plastiki, akaandika chini ya jina la Papa, kwa Kifaransa: Ndiyo. Mtoto aingie. Nyumba ni yenu. Akatia jina lake na tarehe ya siku ile, akaniletea.

Sikuipokea.

"Si mimi niliyeombewa," nikamwambia. "Sadrack amelala nyuma ya boyerie, kuna msalaba wa sementi. Mpelekee, umsomee."

Alikwenda. Édouard alimtangulia kumwonyesha njia, kofia mkononi, na machozi yakimtoka wazi. Hubert aliwafuata nje, akaishia uani, jua limemkamata utosini, akapanda ngazi kutaka kuingia kungoja ndani.

"Umeomba ruhusa kwa nani?" nikamwuliza, nikamfungia mlango.